Baba alikuwa fundi wa injini Nevi, sasa hasikii: nianzie wapi hapa Mombasa?

BintiWaMtongwe

Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naandika kutoka Likoni. Nina swali kuhusu baba yangu, na yeyote aliyepita njia hii naomba anijibu, hata kwa maneno mawili.

Baba aliingia Nevi, jeshi la majini la Kenya, 1974 akiwa kijana wa miaka 20, akatoka 1996 na cheo cha senior sajenti. Miaka yote 22 alikuwa fundi wa injini. Hakuwa mtu wa juu ya sitaha kwenye upepo. Alikuwa chini kabisa ya meli, kwenye joto na mngurumo, mahali ambapo watu huzungumza kwa mikono kwa sababu sauti ya mtu haifiki popote. Mpaka leo akitaka maji hasemi, anakunja ngumi na kuelekeza kidole gumba mdomoni. Sisi watoto tumekua tukidhani kila nyumba huomba maji hivyo.

Sasa ana miaka 71. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linasikia kitu kikigongwa karibu. Taarifa ya habari ikianza huweka kiganja juu ya redio, akitulia kabisa, mpaka nimwambie imekwisha. Adhana ya alfajiri haisikii. Huamka mwenyewe gizani, akakaa barazani akiutazama mlango wa jirani. Jirani akitoka na kanzu, baba anajua wakati umeingia. Mwezi uliopita jirani alisafiri kwenda Lamu. Baba alikaa pale barazani mpaka jua likachomoza. Hakusema neno, lakini nilimwona akitia udhu wakati nyumba nyingine zinakunywa chai. Siku hiyo ndipo nilipoamua kwamba nitahangaika mpaka nipate msaada.

Nimefungua sanduku lake la bati. Ndani mna cheti cha utumishi, barua za pensheni, picha ya kikosi na medali mbili kwenye kitambaa. Tatizo ni kwamba jina la babu kwenye cheti limeandikwa kwa O, na kwenye kitambulisho limeandikwa kwa U. Nilikwenda ofisi moja nikiwa naye, kijana wa dirishani akasema karatasi hizi ni za watu wawili, akaturudishia bila kuinua macho. Baba alikuwa nyuma yangu. Alidhani tumeshahudumiwa, akasema asante kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiojisikia. Watu wote wakageuka. Nilitoka pale nikilia.

Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Bei ya mashine ya masikio niliyotajiwa mjini siwezi hata nikiuza mwaka. Nimesikia watu wakitaja DEFOCA, wengine DEFMIS, wengine Inua Jamii, na kwamba bunge lilipitisha sheria ya wanajeshi wastaafu. Sijui lipi linamhusu baba. Nianzie wapi?

KoploMstaafu_Changamwe

Aleikum salaam, binti yangu. Mpe baba salamu zangu za heshima. Mwambie mimi ni wa nchi kavu, lakini wote tumevaa nguo ya nchi moja.

Nikueleze hayo majina moja moja, kwa sababu watu wengi huyachanganya, wakienda mlango usio wao wanarudi wamekata tamaa.

DEFOCA ni chama cha wanajeshi wastaafu. Zamani kikiitwa AFOCA, na bado utawasikia wazee wakitumia jina hilo. Makao makuu yako Nairobi, na kuna matawi mikoani. Usikiendee ukidhani kuna dirisha la kulipia watu. Faida yake ni kwamba ndani yake kuna watu wanaojua faili la mstaafu linakaa wapi na barua iandikwe vipi, na mjane au mzee asiyejiweza akiletwa mbele yao wanamtambua kama mwenzao. Kwa mtu kama baba yako, hiyo peke yake ni kitu kikubwa.

DEFMIS ni mpango wa bima ya matibabu wa jeshi kwa waliostaafu na wategemezi wao. Hapa swali la kuuliza ni moja tu: baba yumo au hayumo? Usikubali jibu la mtaani. Pata jibu kutoka jeshini, kwa nambari yake.

Sheria uliyoisikia ni ya 2022, inahusu wanajeshi wastaafu na wategemezi wao. Wewe unayemlea una haki ya kuuliza kwa niaba yake, usijione unajipenyeza.

Jambo la pili. Ukienda popote panapohusu jeshi, anza na nambari ya jeshi kabla ya jina. Majina yetu yaliandikwa na makarani jinsi walivyoyasikia, wengi tuna O mahali pa U. Nambari haina O wala U. Naamini baba yako, ukimwamsha usiku wa manane, ataitaja yote bila kukosea.

Na nenda naye. Nimeona watoto wengi wakibeba bahasha na kumwacha mzee nyumbani ili asichoke. Langoni pa kambi ya Nevi, Mtongwe, bahasha ni karatasi tu. Mzee akisimama pale mwenyewe, wima, askari wa zamu ataona ni mkubwa wake.

Mwapa_Viapo

Kuhusu O na U, usihangaike sana, hilo ni dogo. Unahitaji hati ya kiapo. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo, karibu na mahakama wako wengi. Hati itasema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, itaje nambari ya kitambulisho na nambari ya jeshi pamoja, na iambatanishwe na nakala za karatasi zote mbili. Anayeapa ni baba, siyo wewe. Kwa kuwa hasikii, mwombe wakili amwandikie au ampe aisome mwenyewe kabla ya kutia sahihi, na hilo litajwe ndani ya hati.

Usikimbilie kubadilisha kitambulisho. Pensheni yake inaingia kwa jina lililoko sasa, ukiligusa unaweza kufungua shida nyingine kabla hujaifunga hii.

Toa nakala tano. Cheti chenyewe kisitoke nyumbani tena ila kuonyeshwa na kurudi.

NesiTudor

Dada, mimi nakuomba usinunue mashine yoyote kwanza. Hasa vile vidude vidogo vinavyouzwa mitaani kama simu. Vinakuza kila kitu, pikipiki na kelele za soko pia, na sikio lililobaki litachoka zaidi.

Mpeleke hospitali ya Coast General, kliniki ya masikio, pua na koo. Wataanza kwa kutazama kama kuna nta, usishangae, wazee wengi wana nta iliyoganda miaka. Halafu kipimo cha kusikia chenyewe, anavaa vipokea sauti na kubonyeza kila anaposikia mlio. Karatasi ya kipimo hicho ndiyo itakayotumika kila mahali baadaye, itunze kama cheti.

Umesema la kushoto limekufa na la kulia bado. Mtajie daktari hilo waziwazi. Kelele za injini kwa kawaida huharibu masikio yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana. Moja likizidi lenzake sana, daktari lazima atafute kama kuna sababu nyingine juu ya hiyo kelele.

Na kitu cha kukusaidia leo jioni, kabla ya mashine yoyote. Kelele za miaka mingi huanza kuua sauti nyembamba. Sauti nene zinabaki. Ndiyo maana anasikia mlango ukigongwa lakini wewe binti yake hakusikii, na watoto ndio hawasikii kabisa. Kupiga kelele hakusaidii, kunafanya maneno yavurugike. Kaa mbele yake kwenye mwanga, umguse mkono kwanza, useme polepole kwa sauti nene. Zima redio unapozungumza naye. Utaona tofauti.

Kuhusu gharama: hakikisha amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024. Unaweza kuanza kwa simu, *147#. Kama ni shida, nenda Huduma Centre pale Posta kuu, Digo Road, watakusaidia. Kwa mashine yenyewe, njia ninayoijua ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Anapimwa katika hospitali ya serikali, madaktari wanajaza fomu kwamba ulemavu upo na kiasi chake, anasajiliwa na kupata kadi. Baraza lina mfuko unaotoa vifaa: viti vya magurudumu, fimbo nyeupe, mashine za masikio. Foleni ni ndefu. Ndiyo maana nasema anza wiki hii.

Wazee wengi hukataa neno mlemavu. Baba mkwe wangu alikataa mwaka mzima. Usilitumie neno hilo nyumbani, mwambie ni fomu ya masikio.

MjukuuWaKAR

Naongeza kuhusu Inua Jamii kwa sababu nimeona wengi wakipoteza nauli. Ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini asiwe anapokea pensheni. Baba yako anapokea, kwa hiyo haimhusu. Ila kama kuna mama mzee hapo nyumbani au jirani asiye na pensheni, muulizie kwa chifu.

Na hili si la baba yako, ni la yeyote anayesoma. Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza la hapa Afrika Mashariki, akapelekwa Burma 1944. Alikuwa akitusimulia kuhusu matope, kwamba waliburuta magari kwa kamba kama mizigo ya bandarini. Wale waliotumikia jeshi la Mwingereza kabla ya uhuru, na wajane wao, wana mlango wao. Kuna shirika la Jumuiya ya Madola liitwalo RCEL, la tangu 1921, linalosaidia wakongwe hao kupitia vyama vya hapa nyumbani, na kwa Kenya ni hao hao DEFOCA. Bibi yangu alifariki bila sisi kujua kwamba mlango huo upo. Tulikuwa tukipita kila siku kwenye sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue, tumesimama hapo tukipiga picha, na hatukuwahi kuuliza kama bibi ana chochote cha kudai. Kama nyumbani kwenu kuna bibi wa miaka 90 na zaidi aliyeolewa na mtu wa KAR, muulize leo karatasi za mumewe ziko wapi.

BintiWaMtongwe

Nawashukuru sana, nimesoma majibu yote mara mbili, nikamwandikia baba kwa daftari. Aliposoma salamu za koplo alikwenda chumbani, akarudi amevaa shati la kola. Akaandika chini: "Nchi kavu pia ni watu." Halafu akaandika nambari yake ya jeshi bila kuulizwa.

Kiapo kimekamilika. Wakili alimpa karatasi akaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akasahihisha mwaka mmoja uliokosewa. Mtongwe tulikwenda Alhamisi. Alipofika langoni alisimama wima kuliko nilivyomwona miaka hii yote, na kijana wa zamu akamwamkia, shikamoo mzee, akamletea kiti. Wamechukua nambari na nakala, wametuambia tusubiri jibu kuhusu DEFMIS.

Coast General tumekwenda Jumatatu. Nesi, ulisema kweli, walitoa nta nyingi. La kulia limefunguka kidogo. Kuhusu la kushoto, daktari amesema apigwe picha, na tumepewa tarehe.

Lakini kuna jambo lilitokea pale ndani, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Daktari alikuwa akiuliza na mimi naandika kwenye daftari. Akauliza kama masikio yanavuma. Nikaandika. Baba akajibu kwa mdomo: "Yanavuma mchana. Usiku ni watu majini."

Nilidhani hakuelewa swali. Nikaandika tena. Akarudia vilevile.

Wa hapa mnakumbuka Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka. Watu 272 walikufa. Mimi nilikuwa mtoto, ninachokumbuka ni kwamba baba hakurudi siku kadhaa, na aliporudi mama alizifua nguo zake nje, mbali na zetu. Alikuwa miongoni mwa waliotumwa majini kutoa maiti. Nyumbani hakuwahi kulitaja. Tulijua tu kwamba hapandi feri ya Mtongwe, anazunguka mpaka feri ya Likoni, na hata hapo Likoni haketi, anasimama karibu na mlango mpaka wavuke. Tulidhani ni tabia ya mabaharia.

Miaka 30 na zaidi. Nilikuwa nikisikitika kwamba baba hasikii, kumbe kuna anachokisikia kila usiku peke yake. Nifanye nini na hili?

KoploMstaafu_Changamwe

Binti yangu, umenifanya nikae kimya muda.

Nitakwambia ninalolijua kwa mwili wangu. Nilikuwa Somalia 2013 na kikosi chetu chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika. Niliporudi nilikuwa mzima, mikono miwili, miguu miwili. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba siwezi kulala mlango ukiwa nyuma yangu. Kitanda kilihamishwa mara nne. Hakuna karatasi ya jeshi inayosema kitanda kilihamishwa mara nne, kwa hiyo kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa sina kitu.

Mwambie daktari wa masikio aandike maneno hayo hayo ya baba kwenye faili. "Usiku ni watu majini." Kama yalivyo. Halafu uombe barua ya kwenda hospitali ya Port Reitz, pale kuna kitengo cha afya ya akili. Najua jina Port Reitz linavyosemwa mitaani. Mimi nimekaa kwenye benchi lile, na niliokutana nao pale walikuwa madereva, mama wa soko, mwalimu mmoja, na wanajeshi wawili waliojifanya hawanioni. Usiku ukiwa mbaya kabla ya tarehe, Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199. Yeye hawezi kuzungumza kwa simu, lakini wewe unaweza, hata kwa ajili yako mwenyewe.

Usimlazimishe akusimulie. Wewe ni binti yake, yako mambo baba hataki yaingie kichwani mwako. Mwache aandike kama anataka, na akifunga daftari usilifungue.

Mimi Jumapili niko bure. Nikipata idhini yake, nitavuka. Kama hataki maneno tutakaa tu, hilo nalijua vizuri.

NesiTudor

Naunga mkono la faili. Na muulize daktari kuhusu dawa zozote anazotumia sasa za presha au maumivu, zipo zinazozidisha mvumo. Mpelekee vidonge vyenyewe kwenye mfuko, usitaje majina kwa kukumbuka. Usiku, feni ikizunguka au redio ikiwa chini sana hupunguza mvumo kwa baadhi ya watu, kwa sababu ukimya ndio unaoupa nafasi. Kwa sikio lake la kulia lililofunguka kidogo, jaribu.

BintiWaMtongwe

Nimechelewa kurudi, samahani. Koplo alikuja Jumapili mbili. Mara ya kwanza walikaa barazani saa tatu nzima na sidhani waliandika hata ukurasa mmoja. Nilipeleka kahawa na kashata nikaondoka. Mara ya pili baba ndiye aliyetangulia kuweka viti.

Port Reitz tuna tarehe. Fomu ya masikio imejazwa na madaktari, imebaki kadi. Picha ya sikio la kushoto imetoka, daktari amesema hakuna uvimbe, alhamdulillahi. Jibu la DEFMIS bado, nitakwenda tena Mtongwe, naye, kwa kiti kilekile.

Jirani amerudi kutoka Lamu. Nilimweleza habari ya alfajiri ile, akasikitika sana. Sasa akitoka na kanzu yake hapiti moja kwa moja, anakata kona mpaka barazani kwetu, anamgusa baba bega, wanakwenda pamoja.

Nina swali jingine moja kwa wanaotumia mashine za masikio: zile betri ndogo za duara, kuna duka upande huu wa Likoni, au ni lazima nivuke mjini kila zikiisha?